Tupa ya Fundi na Chuma cha Mauser

Mtu anayeitazama bunduki ya kuwindia iliyotengenezwa kwa ustadi aghalabu huanza na mti wake: huusifu mjozi uliokomaa, mishipa yake iliyopindana, na chale zilizokatwa mraba mraba pale kiganja kinaposhika, kisha huirudisha ubaoni akiamini kwamba amekwisha kuiona. Mimi nashika upande wa wale waanzao na chuma. Mti ukipasuka porini waweza kufungwa kwa ngozi mbichi na safari ikaendelea, lakini kizuizi kilichokataa kufunguka, au ukucha ulioteleza juu ya ganda la risasi wakati mbogo amekwisha kuinua pua na kuanza kuja, ni jambo lisilo na dawa. Kwa sababu hiyo historia ya bunduki hizi, kwa kadiri inavyowahusu wawindaji, haikuandikwa na viwanda peke yake. Sehemu yake kubwa iliandikwa na mafundi waliosimama mbele ya jiliwa, tupa mkononi, wakivitengeneza upya vipande ambavyo kiwanda kilikwisha kuvipiga muhuri na kuvitoa kuwa ni vizuri.

Asili ya habari hii ni mji mdogo wa Oberndorf, ukingoni mwa mto Neckar, katika nchi ya Württemberg kusini ya Ujerumani, ambako mfalme wa nchi ile alianzisha mwaka 1811 kiwanda cha bunduki ndani ya majengo yaliyokuwa nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino. Paul Mauser alizaliwa hapo mwaka 1838, baba yake akiwa fundi wa kiwanda kile kile, na hapo ndipo yeye na kaka yake Wilhelm walipoipata sanaa yao. Bunduki yao ya kwanza kukubaliwa na jeshi la Ujerumani ilikuwa ya mwaka 1871. Wilhelm akafariki mwaka 1882, na Paul, ambaye maisha yake yote hayakuwa na shughuli nyingine ila hiyo, akaendelea kuondoa kasoro moja baada ya nyingine, akiuza kwa falme na jamhuri za mbali, hata tarehe 5 Aprili 1898 jeshi la kwao likaikubali ile iliyoitwa Gewehr 98. Tangu siku hiyo wamekuja wengi wakaongeza hili na kupunguza lile, wala sijui mtambo wa bolti ulioipita ile kwa jambo la msingi.

Mtambo huo wastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa yote yaliyofuata yamejengwa juu yake. Bolti yake, yaani lile komeo la chuma liendalo mbele kuitia risasi chembani na kurudi nyuma kulitoa ganda, ina masikio mawili manene upande wa mbele ambayo, kishikio kinaposhushwa, hujikita ndani ya pete ya chuma na kuubeba msukumo wote wa baruti. Na nyuma pana sikio la tatu lisilo na kazi siku za kawaida, lililowekwa kwa ajili ya siku ambayo yale mawili yatavunjika. Kuna matundu ya kupitishia moto na moshi, iwapo kitako cha risasi kitapasuka, ili uso wa mpigaji usalimike. Na ubavuni mwa bolti umelazwa ukucha mrefu wa chuma chenye kunyumbuka, ambao huidaka risasi mara inapochomoza kutoka kashani, hauiachi inapoingia, wala hauiachi inapotoka, hata mwindaji aliyefadhaika akaisukuma bolti nusu ya njia na kuivuta tena hawezi kuzikwamisha risasi mbili mlangoni kwa pamoja. Askari waliufurahia ukucha huo. Wawindaji wa ndovu waliutegemea kwa roho zao.

Lakini ile ilikuwa bunduki ya askari, na mahitaji ya askari si mahitaji ya mwindaji. Jeshi lilitaka kifyatulio kirefu chenye hatua mbili, ambacho kidole kilichokufa ganzi kwa baridi hakiwezi kukifyatua kwa bahati mbaya. Lilitaka kizuizi kilicho kama bawa nyuma ya bolti, kikilala kushoto bunduki ni tayari, kikisimama wima imefungwa lakini bolti yaweza kuvutwa, kikilala kulia kila kitu kimefungwa, ili sajini apitaye mstarini aone kwa jicho moja hali ya bunduki za watu wake wote. Lilitaka kishikio cha bolti kilichotoka nje moja kwa moja. Na kifuniko cha chini ya kasha la risasi lilikitaka kisichofunguka ila kwa ncha ya risasi kubonyezwa ndani ya kitundu, maana kwa jeshi kifuniko kinachofunguka upesi ni kifuniko kitakachopotea matopeni. Kila moja ya tadbiri hizi ilikuwa na hekima yake handakini. Porini, ambako mwindaji hutembea tangu alfajiri hata adhuhuri kwa ajili ya nukta moja ya dakika, zote nne zilikuwa mushkili.

Waingereza ndio waliotangulia kuzitengeneza upya kwa utaratibu. Nyumba ya John Rigby, yenye asili yake Dublin na makao yake London, ilikuwa na bahati ambayo wenziwe hawakuwa nayo: Rigby mwenyewe alikuwa ameusimamia mtambo mkuu wa silaha za serikali huko Enfield tangu 1887 hata 1894, akayajua mambo ya bunduki za kijeshi kwa undani, na tangu 1898 hata 1912 nyumba yake ndiyo iliyokuwa wakala wa Mauser katika Uingereza. Mitambo ikaja kutoka Oberndorf, na mafundi wa London wakaishughulikia kama watu waliozoea kutengeneza bunduki za mitutu miwili za masultani na maharaja. Kishikio cha bolti wakakipinda na kukikwatua. Kifuniko cha chini wakakitia bawaba, na ndani ya kikingio cha kifyatulio wakaweka kia kidogo, ili jioni mwindaji azimwage risasi zote kiganjani pasipo kuzipitisha moja moja chembani, jambo ambalo kambini limeokoa maisha ya watu wasiojua kwamba yalikuwa hatarini. Juu ya mtutu wakaweka shabaha zenye majani ya kukunjwa, moja kwa kila umbali, na mbele kabisa nundu iliyofunikwa kwa kofia ndogo ya chuma. Pete ya kufungia mkanda wakaiondoa kwenye mti na kuihamisha mbele, juu ya mtutu wenyewe, kwa sababu bunduki nzito ikipiga teke, pete iliyo karibu na mkono wa kushoto hukata vidole.

Wakafanya na jambo kubwa zaidi. Risasi za kuulia ndovu zilikuwa ndefu kupita kiasi cha mtambo wa askari, na mnamo mwaka 1900 Rigby aliwaomba watu wa Oberndorf wafanye mtambo mrefu na mpana zaidi, ukafanywa. Na juu ya mtambo huo ndipo ilipojengwa mwaka 1911 bunduki ya .416, ambayo jina lake hata leo wawindaji wa wanyama wakali hulitaja kwa heshima. Wengine ambao hawakupata mtambo mrefu, au hawakuwa na fedha za kuununua, walichukua ule wa kawaida wakaurefusha kwa tupa, wakikata chuma mbele ya kasha ili risasi ndefu kama .375 ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, ipate kuingia. Kazi hiyo ilitaka mkono wenye kujizuia. Chuma kinachokatwa pale ndicho kile kile kinachokaa nyuma ya sikio la chini la bolti na kulishikilia, na fundi asiye na kadiri aliweza kuitoa bunduki inayopendeza machoni ilhali imekatwa mshipa wake. Zilizo nzuri zimebaki mpaka leo, zikipiga kama siku zilipotoka. Lakini anayenunua bunduki ya zamani ya namna hiyo bila ya kuivua mti na kuchungulia pale hajitendei haki.

Huku kwetu Afrika Mashariki bunduki hizo zilifika mapema. Mskochi W. D. M. Bell, aliyezaliwa 1880, alianza safari zake za pembe katika Karamoja mwanzoni mwa karne ya ishirini, akipita Mumias, kituo cha misafara ya wafanyabiashara wa pwani, ambao kabla yake walikuwa wamekwisha kuzijua njia zile wakiwa na magobore yao. Bell aliua ndovu zaidi ya elfu moja maishani mwake, na wengi miongoni mwao aliwaua kwa .275 ya Rigby yenye mtambo wa Mauser, bunduki ambayo wenzake waliona inafaa kulungu. Siri yake ilikuwa maarifa ya mwili wa mnyama, kwani alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Lakini maarifa hayo yangekuwa bure kama chuma kilicho mkononi mwake kisingekuwa chepesi, chenye bolti laini, na kifyatulio kinachoachia bila ya kuisogeza shabaha. India nako, mwaka 1907, Jim Corbett alipewa hiba ya .275 ya namna hiyo hiyo baada ya kumuua chui milia jike wa Champawat aliyekuwa amekula watu mamia. Mifano hii miwili huitaja kila ninapomsikia mtu akidai kwamba kinachoua ni ukubwa wa risasi.

Wala tusiwasahau wachukuzi wa bunduki, ambao majina yao hayakuingia vitabuni kwa wingi kama walivyostahili. Fataki za zama zile ziliacha chumvi ndani ya mtutu baada ya kila risasi, na chumvi hiyo, katika fukuto la Mombasa au mvua za masika, iliweza kuutia mtutu kutu kwa usiku mmoja. Basi jioni, kabla ya kula, mchukuzi alichemsha maji akayamimina mtutuni, akapitisha kitambaa hata kikatoka cheupe, kisha mafuta. Yeye pia ndiye aliyempa bwana wake bunduki ya pili wakati wa hatari, nayo ilimpasa aijue hali ya kizuizi kwa kukigusa tu, bila ya kukitazama. Bawa lile la Mauser, pamoja na uzito wake wa kijeshi, kwa jambo hili lilikuwa jema: lilipokuwa wima lilisikika kidoleni hata gizani.

Ama Wamarekani, wao walifika penye Mauser kwa njia ya kuiga. Bunduki yao ya jeshi ya mwaka 1903, iliyofanywa Springfield katika Massachusetts, ilichukua mambo mengi ya Oberndorf kiasi kwamba serikali yao ilikubali kumlipa Mauser dola 200,000 kwa ajili ya haki zake. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, akiwa amemaliza urais kwa majuma machache tu, alikuwa na Springfield iliyotengenezwa upya kwa ajili ya kuwinda, pamoja na bunduki nyingine kubwa zaidi; na habari za safari ile, zilizochapishwa mwaka 1910, ziliwatia wengi kwao hamu ya kuwa na bunduki kama yake. Mmojawapo alikuwa Seymour Griffin, seremala wa samani katika New York, aliyeanza kwa kujichongea mti wa Springfield yake mwenyewe. Mwaka 1923 alishirikiana na James V. Howe, ambaye yeye alikuwa mtu wa chuma, wakafungua nyumba ya Griffin & Howe. Howe hakukaa sana katika ushirika ule, ila mwaka 1934 alitoa juzuu mbili za kitabu kinachofundisha kazi ya ufundi bunduki, na mafundi wengi wa vijijini Marekani, ambao hawakupata mwalimu, waliipata elimu yao humo. Bunduki moja ya Griffin & Howe, iliyojengwa juu ya Springfield, ndiyo aliyokuja nayo Ernest Hemingway katika Tanganyika mwishoni mwa 1933, akiongozwa na Philip Percival.

Katika miaka ile ikaingia darubini, nayo ikageuza kila kitu. Mpaka hapo mwindaji alilenga kwa jicho tupu kupitia shabaha za chuma, na nafasi iliyo juu ya mtambo ilikuwa wazi; sasa pale pale pakalazwa mrija wa chuma na vioo, tena chini kadiri iwezekanavyo ili shavu lisibanduke kwenye mti. Kishikio cha askari, kilipoinuliwa, kikagonga darubini. Bawa la kizuizi, lilipotaka kusimama, likagonga darubini vile vile. Vipande viwili ambavyo Waingereza walivipamba kwa hiari yao, Wamarekani wakalazimika kuvibadilisha kwa dharura, na kutokana na dharura hiyo ukazaliwa ufundi mzima.

Kukipinda kishikio cha bolti kwaonekana kazi ya mhunzi ye yote, nako sivyo. Chuma cha kishikio lazima kiwe chekundu ndipo kikubali kupindwa, ilhali masikio yaliyo mwisho wa pili wa bolti, na mteremko unaoikokota sindano nyuma kila bolti inapoinuliwa, yamegumishwa kiwandani kwa moto na kupozwa kwa kipimo, na joto likiyafikia, ugumu huo huondoka bila ya kuacha alama ionekanayo kwa macho. Basi fundi mwenye hadhari huisokomeza ndani ya bolti fimbo ya chuma yenye skurubu, iliyokatwa ienee barabara, ili iunywe ule moto. Huzizungushia sehemu nyingine matambara yaliyolowa maji. Kisha huuelekeza mwale wa gesi kwenye shina la kishikio pekee, na kikiwa chekundu hukigonga ndani ya kalibu nzito mara mbili tatu, upesi, kabla hakijapoa wala joto halijasafiri. Wengine walikikata kabisa na kulehemu kingine kilichochongwa upya, chenye shina jembamba na kichwa cha mviringo kama lulu ya chuma. Baada ya hapo huja siku za tupa na msasa, kwa kuwa makovu ya lehemu hayafichiki kwa rangi. Yakibaki, rangi ya samawati iliyokoza, inayotiwa mwisho, huyatangaza.

Kizuizi nacho kikapata watu wake. Maynard Buehler wa California alifanya kidogo kinacholala chini ya darubini na kusogezwa kwa dole gumba, na maelfu ya watu waliokuwa na Mauser na Springfield wakakinunua na kukitia wenyewe nyumbani. Kuhusu vifyatulio, nyumba ya Timney ilianza kazi mwaka 1946, ikiuza kifyatulio kizima ndani ya kijumba chake, chenye skurubu za kupunguza uzito na mwendo, ambacho huchukua mahali pa kile cha jeshi kwa kugongwa pini moja tu. Hapa nasema kwa msisitizo, kwa sababu nimeona watu wazima wakilifanyia mzaha: kifyatulio chepesi mno ni adui wa mwenyewe. Anayelenga karatasi akiwa amelala chini na ajipendelee atakavyo. Kwa mtu anayetembea vichakani na bunduki yenye risasi chembani, ratili 3 au 4 ndizo kiasi cha busara, na uzuri utafutwe katika kuachia kusiko na mkwaruzo.

Vita Kuu ya pili ilipokwisha, kiwanda cha Oberndorf kilivunjwa chini ya utawala wa Wafaransa, lakini bunduki zake na za nchi nyingine zilizofuata sura yake zikamiminika Marekani kwa bei ya chini sana, zikiuzwa hata kwa posta, mpaka sheria ya mwaka 1968 ilipoifunga njia hiyo. Kwa zaidi ya miaka ishirini kila mji ulikuwa na mtu aliyekata, akachimba na kulehemu bunduki za askari ili ziwe za kuwindia. Ufundi uliendelea sana katika miaka ile, nao uliharibu sana. Mitambo ambayo ilikuwa na nembo za nchi ilisuguliwa hata nembo zikafutika. Matundu ya skurubu za darubini yalitobolewa kwa mkono uliotetemeka, upande. Bunduki adimu ambazo leo wenye makumbusho wangezililia zilikatwa mitutu zikauzwa kwa mtu aliyetaka kuua kulungu mmoja kwa mwaka. Nasikitika kila nikumbukapo, kwa maana bunduki iliyokatwa na mtu asiyejua haikuwa tena ya askari wala haikufika kuwa ya mwindaji.

Viwanda vilikuwa vikiitazama kazi ya mafundi tangu kabla ya vita. Winchester, katika mtindo wake wa Model 70 uliotoka mwaka 1936, aliyakusanya mambo karibu yote ambayo mafundi walikuwa wakiyatenda moja moja kwa miaka thelathini: ukucha mrefu wa Mauser ulibaki, kizuizi kikawa juu ya kifuniko cha bolti, kikizunguka kulala badala ya kusimama, na hatua zake tatu zikahifadhiwa, kifyatulio kikawa chepesi kuelewa na kurekebisha, kisichoficha uchafu ndani, kishikio kikapita chini ya darubini, kifuniko cha chini kikawa na bawaba. Ilikuwa bunduki ya kiwandani ambayo mtu aliweza kuitoa dukani na kwenda nayo porini. Wakati huo ufundi na kiwanda vilikutana, na mimi huuhesabu kuwa ni miaka ya neema, ijapokuwa tangu 1952, katika umbo lake jepesi, kifuniko na kikingio vilikwisha kuanza kufanywa kwa aluminiamu ili uzito upungue.

Neema haikudumu. Mtambo wa namna ile ulitaka chuma kizima kuchongwa kwa mashine hatua baada ya hatua, na ujira wa watu ulikuwa ukipanda. Remington alikuwa amekwisha kuonyesha njia nyingine mwaka 1948 kwa bunduki yake ya 721, yenye mwili wa mviringo uliochongwa kirahisi, ukucha mdogo uliotiwa ndani ya uso wa bolti, na sehemu za chini zilizopigwa kwa bati; ilipiga shabaha barabara, nayo ilikuwa rahisi. Mwaka 1964 Winchester akafuata: ukucha mrefu ukaondolewa, chale za mti zikawa za kugandamizwa kwa moto, na chuma cha chini kikawa cha kusubu chepesi. Wanunuzi walighadhibika kwa namna ambayo wenye kiwanda hawakuitazamia, na tangu hapo bunduki ya kabla ya mwaka ule ikawa na bei yake peke yake sokoni.

Ndipo mafundi wa chuma walipopata kazi yao ya tatu, ambayo wengi huidhani kuwa ni ya mapambo. Sehemu za chini, yaani kikingio, kasha na kifuniko, hazionekani kuwa na umuhimu wo wote mpaka bunduki ipige teke kwa nguvu. Kia cha kifuniko kilicho dhaifu, au kilichochakaa kwa kuwa ni cha madini laini, huachia wakati ule ule wa mlio. Kifuniko huanguka, kamani huruka, na risasi zote zilizobaki hulala majanini miguuni pa mwindaji, ambaye sasa ana ganda tupu na mnyama aliyejeruhiwa. Basi mafundi wakaanza kufanya sehemu hizo kwa feleji nzima, kia kikikamata pande mbili, kasha likikatwa kwa urefu na upana wa risasi fulani na si nyingine, maana kasha lililolegea huzigonga ncha za risasi kwa kila teke mpaka zikapondeka. Kuziingiza katika mti ni kazi ya masizi: fundi hupaka chuma masizi membamba, hukikalisha mahali pake, hukitoa, na kila palipotiwa weusi hupakwaruza kidogo kwa patasi, hukikalisha tena, tena, kutwa kucha, mpaka weusi ukaenea sawasawa juu ya mti wote, ndipo ajue kwamba chuma na mti vimegusana kila mahali na kwamba teke halitapata ufa wa kuanzia. Kwa bunduki nzito huongeza pia jino la pili la feleji chini ya mtutu, ili mshindo ugawanyike. Mwenye bunduki ya namna hiyo haoni sehemu ya kumi ya kazi aliyoilipia.

Katika Afrika Mashariki, baada ya vita, mambo haya yote yalifika yakiwa yamechanganyika. Winchester alitoa .458 mwaka 1956, risasi ya ndovu iliyofupishwa ili iingie katika mtambo wa urefu wa kawaida, na faida yake kubwa kwa maskini wa fedha ilikuwa kwamba Mauser yo yote nzuri iliweza kuibeba bila ya kukatwa mshipa. Maaskari wa idara za wanyama, wawindaji wa kulipwa waliokuwa na chama chao Nairobi tangu 1934, na wakulima waliosumbuliwa na ndovu mashambani, wote waliitumia. Kutoka Chekoslovakia zikaja bunduki za chapa ya BRNO, na kubwa yao, ZKK 602, ilikuwa na mtambo mrefu wa jamii ya Mauser, ukucha kamili, na chuma ambacho mtu wa London asingekionea haya, kwa sehemu ndogo ya bei ya London. Ilikuwa na ila moja. Kizuizi chake kilikwenda kinyume cha ulimwengu wote: kilisukumwa mbele ili kufunga, na kuvutwa nyuma ili kufungua. Mwindaji ambaye kwa miaka mingi dole gumba lake limezoea kusukuma mbele anapoinua bunduki, katika hatari asiyoitazamia, angesukuma mbele vile vile, na bunduki ingekaa kimya. Kwa hiyo watu wengi walioinunua hawakuipeleka porini kabla ya kuipeleka kwa fundi, akaondoa kizuizi kile na kuweka juu ya kifuniko cha bolti kingine cha hatua tatu kama cha Winchester.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei 1977 na chama kile cha Nairobi kikavunjika mwaka huo huo. Tanzania, baada ya kuufunga kwa miaka michache, iliendelea nao. Bunduki zile za Kicheki hazikutoweka kwa sababu hiyo. Warithi wao wa miaka ya 1990, wanaojulikana kwa jina la CZ 550, wametoka kiwandani kizuizi chao kikisukumwa mbele kufungua, sawa na vile mafundi walivyokuwa wakikigeuza kwa miaka mingi kwa fedha za wenye bunduki. Walitoka pia na kifyatulio cha kusukumwa mbele kwanza ili kiwe chepesi kama unywele, kinachomfaa mtu aliyekaa juu ya jukwaa la miti huko Ulaya akimngojea kulungu jioni, nacho ndicho ambacho wawindaji wa mbogo sasa hukipeleka kwa fundi akawatilie kingine.